Chini ya Kawa

Tochi niliyomwazima Mwanatumu ni ile ya dukani,
ya urujuanimno, ninayomulikia noti za elfu
nisije nikatiwa karatasi mkononi.
Aliimulika chupa, kimo cha kidole cha mwisho,
na kile kimiminika kilichokuwa kimepauka
kama chai iliyochujwa mara mbili
kikawaka kijani.
Kijani ambacho hata leso mpya haina.

“Fuwele,” akasema dada yangu.
“Kila moja mchemraba. Ukizitia elfu tano mstarini
hazijatimia unene wa unywele.
Zingekuwa ndogo zaidi zingewaka buluu.
Rangi kwao ni kimo tu.”
“Zimeundwa kwa nini?”
“Sesiamu, bromini, risasi.”

Mama akaacha sindano hewani.
Neno hilo nyumba yetu ililipandisha darini
tangu mwaka ule wa kafyu,
na hakuna aliyekwenda kuliteremsha.

Mwanatumu hakuona. Alikuwa anaeleza
jinsi atakavyodondosha tone kwenye kioo,
tolueni ipae polepole,
na michemraba, iliyovaa manyoya ya mafuta,
isogeleane, uso kwa uso,
ikae. Ijikalie.
Bila mnyapara. Bila uzi.

Mama, mshona kofia za vito
miaka thelathini na mmoja, tundu kwa tundu,
alicheka hadi mtondoo ukamtoka kidoleni.
“Zitu hizi hupangwa ni nani, basi?”

Mara ya kwanza aliwasha feni.
Tone likakauka kwa dakika mbili,
likaacha ukoko kama wa wali ulioungua.
Mara ya pili punda wa Bwanaheri,
amebeba mawe ya ujenzi, aliukwaruza ukuta wetu wa Langoni
na kila kilichokuwa kinajipanga kikatawanyika.
Mara ya tatu fuwele zenyewe zilikosana vimo:
jaribu kunyoosha safu ya sala
mabega ya watoto yakiwa kati ya mabega ya wanaume.

Mara ya nne stima ilikatika.
Akakiweka kisahani katika kidaka cha chini,
akalala na hasira zake.

Asubuhi nyumba nzima iliamshwa na ukelele.
Juu ya kisahani palikaa kawa,
ile nyekundu yenye ncha iliyopinda.
“Nani kafunika?”
“Nalifinika mimi,” Mama akajibu, hakuinua kichwa.
“Kwangu chombo hakilali wazi. Inzi.”

Dada alinyoosha mkono aiondoe,
kisha mkono ukasimama njiani.
Akainusa kawa. Akarudi nyuma.
Siku mbili hatukuruhusiwa kupita pale kwa kishindo,
nasi tukala wali uliofunikwa kwa sinia.

Nimetazama kwenye hadubini yake, ile ya mtumba.
Miraba. Mamia ya miraba, kando kali,
na ndani ya kila mmoja, asema, mamilioni waliokubaliana.
Mwanga wao umeinamia manjano kidogo,
kama sauti inavyozama mtu akiwa hayuko peke yake.
Kwenye baridi kali, huko kwenye maabara za watu,
huweza kuwaka zote kwa mpigo mmoja.
Sisi tuna friji ya soda.

Zamu ya Mama. Alifumba jicho lisilo lake,
tukamgeuza, akatazama
muda mrefu kuliko tulivyozoea anyamaze.
Tukangoja aseme neno.
“Huu hapa,” akasema, “pembe imekatika.”
Mwanatumu akaangalia. Ni kweli, ilikatika.

Kawa haikurudi jikoni; inanuka duka la rangi.
Mama anasuka nyingine, na hasemi ni ya nani.

Tochi yangu imerudi dukani.
Jana, nikikagua noti ya mteja,
niliona kwenye ukucha wangu wa gumba
nukta moja, kijani.
Nikampigia dada simu.
“Ni risasi hiyo. Kanawe.”
“Nanawa,” nikamwambia,
nikafunga mlango wa duka nusu,
nikaimulika tena.